Asmini Moja, Pamba Tatu

Wiki iliyopita nilifundishwa mila na binti wa miaka ishirini na mitatu, uani kwangu hapa Kahama, nikiwa nimekaa kwenye kigoda na sinia la vitumba vya asmini mapajani. Binti mwenyewe ni Hawa, mtoto wa Zuhura, na Zuhura ni mtu niliyelala naye chumba kimoja mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa hatujaonana siku nyingi, tukipigiana simu za sikukuu na za misiba tu, mpaka Hawa alipoposwa na mama yake akakumbuka kwamba katika ukanda wote huu hakuna mwenye asmini ya kutosha harusi isipokuwa mimi. Wakaja wote wawili. Tukala, tukacheka, tukasemana unene, kisha nikachukua sindano na uzi nikaanza kutunga koja, kitumba nyuma ya kitumba. Hawa akanishika mkono. "Siyo hivyo, ma'mdogo. Asmini moja, pamba tatu. Asmini moja, pamba tatu. Ndiyo mila yetu ya Pangani, tumeipokea kwa bibi." Akatoa kwenye mkoba mfuko wa pamba safi, imeviringwa vidonge vidonge tayari. Nikamtazama Zuhura. Zuhura akageuka kutazama kuku, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

Sikumjibu mtoto papo hapo. Mimi ni mwepesi wa kujibu, Kahama nzima inanijua kwa hilo, lakini siku ile ulimi ulikaa mahali pake. Pangani sijafika hata siku moja maishani mwangu, ila hiyo mila naijua ilikozaliwa. Ilizaliwa Kalangalala, mjini Geita, nyuma ya jiko la vitumbua, na aliyeisababisha ni mimi kwa ujinga wangu mwenyewe.

Nilifika Geita mwezi wa kwanza, mvua zikinyesha, kufanya kazi kwa Bi Mwanahawa, mama yake Zuhura. Alikuwa mjane wa Kipangani aliyemfuata mumewe muuza vitenge mpaka bara. Mume akafariki, yeye akabaki akikaanga vitumbua. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule ndogo iliyojaa magunia ya mchele wa Kahama. Mimi na Zuhura tulilala cha nyuma, kitanda kimoja, dirisha moja linalotazama uani. Alfajiri Bi Mwanahawa alisali, kisha alitugonga miguu kwa kipini cha mwiko, na kabla jua halijachomoza tulikuwa tumeshachoma vitumbua vya sufuria ya kwanza. Wachimbaji walikunywa chai barazani kabla ya kupanda kwenye gari la kwenda mashimoni, na kwa kuwa ukuta wa jiko ulikuwa wa mabati, nilisikia kila kitu: duara, yaani shimo, la nani limetema dhahabu, la nani limejaa maji, nani kamwoa nani Katoro na nani kamkimbia. Sijawahi kusoma gazeti lililonitosheleza kama ukuta ule. Adhuhuri tulikula wali wa nazi wakati nazi zilipokuja na basi, na zisipokuja tulikula ugali na dagaa, naye Bi Mwanahawa akala kwa heshima ya mtu aliyealikwa mahali asipopapenda.

Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, na ndani yake kijiti chenye majani mengi kinachonifika kifuani. Siku tatu za kwanza nilikipita tu. Siku ya nne nilianika tambara la jikoni juu yake. Bi Mwanahawa alitoka ndani na sauti ambayo sikujua anayo. "Bibi we! Huoni kwamba huyo ni mtu?" Nikaliondoa tambara mbio mbio, nikaomba radhi, kisha nikauliza, kwa sababu kwetu kitu kinaulizwa kazi yake: kinaliwa? Hakiliwi. Ng'ombe wanakila? Hapana. Basi ni dawa? Wala. "Sasa ni cha nini, Bi Mwanahawa?" Akaniangalia kwa huruma. "Cha kunukia, mwanangu." Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilikotoka hakuna mtu anayemwagilia harufu.

Alasiri ile alinionyesha. Alichuma vitumba, vyeupe, vimefumba, vidogo kuliko punje ya karanga, akaviweka kwenye kisahani chenye maji kidogo, akakipeleka chumbani kwetu. Tuliporudi kufunga dirisha magharibi, vilikuwa vimefunguka vyote. Sijui kuieleza harufu ile. Najua tu kwamba nilisimama mlangoni nikiwa na njiti ya kiberiti mkononi na sikutaka kuiwasha, na kwamba nilifurahi, furaha ya bure isiyo na sababu, kwa mara ya kwanza tangu nifike Geita. Zuhura, ambaye alikuwa amezaliwa na harufu hiyo puani, aliniambia niingie nisiruhusu mbu.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wa pipa. Bi Mwanahawa alikileta kile kipandikizi kutoka Pangani ndani ya basi, kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, mapajani siku mbili. Cha kwanza kilikufa njiani, cha pili kilikufa kwa jua la Geita, cha tatu kikashika. Alinifundisha kumwagilia asubuhi kwa maji ya kuoshea mchele, kutifua udongo kwa kijiti bila kugusa mizizi, na kukata ncha za matawi kila yakimaliza kuchanua, kwa sababu asmini hutoa ua kwenye chipukizi jipya. "Ukimwonea huruma hakupi kitu," alisema, akikata. Sisi wenyewe alitutendea kwa kanuni hiyo hiyo. Lakini Ijumaa alipika pilau, akajaza sahani, akaifunika kwa kawa na kunituma kwa jirani yetu, Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa Msukuma mwenzangu, mama wa mapacha Kulwa na Doto, mke wa fundi wa pampu za maji migodini. Ukuta wa chumba chake ndio uliokuwa ukuta wa chumba chetu. Sahani ya pilau ilirudi kila mara na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na Bi Mwanahawa, aliyeapa kwamba michembe ni chakula cha njaa, siku moja aliichemsha kwa tui la nazi akaimaliza peke yake, akatuambia imeanguka. Nilipenda maisha yale. Nasema wazi kwa sababu watu wa rika langu wakisimulia ujana wao husimulia shida tu. Mimi nilikuwa na kitanda nusu, mwenzangu wa kucheka naye, tumbo limeshiba, na harufu dirishani.

Mwezi wa tatu Zuhura akaposwa. Mchumba, Rashidi, alikuwa kijana wa Tanga anayeleta vitambaa Kahama na Geita, mpole, mwenye masikio makubwa. Wajumbe walikuja na maneno mazuri na zawadi, na mwisho kabisa, wakishakunywa chai, mjomba mmoja mcheshi akatoa salamu za mama yake Rashidi: "Anasema hana neno, mwali amemkubali. Anauliza tu, huko bara mtamvika nini? Pamba?" Wakacheka. Bi Mwanahawa naye akacheka, meno yote nje. Wageni walipoondoka alikwenda kukaa kwenye kigoda mbele ya pipa akahesabu matawi kwa kidole. "Harusi ni mwezi wa nane," alisema bila kugeuka. "Zuhura atatoka nyumba hii na koja la asmini shingoni na jingine kichwani, na yote yatatoka hapa hapa. Sitaagiza Tanga hata kitumba kimoja. Miaka yote hii nimekaa huku, wasinione nimekaa jangwani." Alipogeuka nilimwona machozi. Ndipo nilipoelewa kwamba lile pipa halikuwa pambo. Lilikuwa jibu lake kwa kila mtu aliyemwuliza kwa nini hakurudi kwao.

Wiki ya pili ya mwezi wa nne alikwenda Katoro kumwuguza kaka yake, akaniachia jiko, Zuhura na asmini, na alipoaga aliitaja asmini kwanza. Mvua zilikuwa zimedidimiza udongo wa pipa mpaka mizizi ya juu ikaonekana. Alikuwa ameshasema kwamba anahitaji mchanga laini wa kuchanganya na samadi ili maji yapite, nami nikataka akirudi akute nimeshafanya. Mchanga wa mtoni ulikuwa mbali. Karibu kulikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na pembeni yake rundo la mchanga wa rangi ya majivu, laini, hauna kokoto hata moja. Huo ndio unaoitwa marudio, mchanga unaobaki jiwe likishasagwa na kuoshwa, ambao watu huurudia tena kutafuta dhahabu iliyosalia. Kulikuwa na mzee mmoja anayelinda pale.

"Shikamoo, mzee. Huu mchanga una mwenyewe?"

"Marahaba. Huu? Chukua hata wote, mwanangu. Umeshapita kwenye dawa huu."

Hapo ndipo nilipopotea. Mzee alisema dawa akimaanisha ile ya kuyeyushia dhahabu, sumu ambayo kuku akinywa maji yake hafiki jioni. Alikuwa akiniambia kwamba mchanga hauna dhahabu tena. Mimi nilisikia dawa ya kijijini kwetu. Kwetu pamba isiyopigwa dawa haizai, na ng'ombe asiyepita kwenye dawa ya josho anamalizwa na kupe. Nilielewa kwamba ule mchanga umetibiwa. Nikashukuru, nikajaza ndoo mbili, nikaenda kuzimwaga kwenye pipa nikishindilia kwa viganja, nikamwagilia maji ya mchele juu yake. Bahati nilinawa mikono kwa sabuni kabla ya kukanda unga. Mzee hakuniuliza mchanga ni wa nini, na mimi sikumwambia.

Siku ya nne ncha za majani zilikuwa zimeungua. Siku ya sita Zuhura alinituma sokoni, nikapita karibu na karasha, na safari hii nikatazama lile rundo vizuri. Ulikuwa msimu wa mvua, Geita yote ilikuwa kijani mpaka juu ya mapaa, na juu ya rundo lile hapakuwa na jani hata moja. Nilisimama na kikapu changu. Nikajua. Na badala ya kukimbia nyumbani kuuondoa mchanga, nikaenda sokoni, nikanunua vitunguu, nikarudi, nikanyamaza. Niliogopa kwamba nikianza kuchimbua Zuhura ataniuliza, na nikiulizwa nitasema, na nikisema nitarudishwa kijijini. Mpaka leo nikiikumbuka ile siku ya vitunguu nasikia aibu.

Bi Mwanahawa alirudi siku ya nane. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko na mkoba ukiwa bado kichwani, na akakuta majani yamejaa chini, ya manjano, na matawi yamebaki fimbo. Alisoma dua kimya kimya. Kisha akasema, "Mama Kulwa." Tulishtuka. "Siku ninaondoka alisimama hapo hapo akasema, mzuli sana mti wako, mzuli kuliko yote. Hakusema mashallah. Hili ni jicho." Kwa watu wa pwani, kukisifu kitu bila kumtaja Mungu ni kukirushia jicho la husuda, na kilichorushiwa jicho hunyauka. Mama Kulwa wa watu alikuwa Mkatoliki kutoka Sengerema. Hilo neno mashallah hakujua kama linahitajika. Nilifungua mdomo. Halafu nikachukua ufagio nikaanza kuzoa majani.

Kilichofuata kilikuwa kimya kibaya kuliko ugomvi. Ijumaa hapakutoka sahani ya pilau. Mama Kulwa akisalimia kutoka mlangoni kwake, Bi Mwanahawa alipita kama hakusikia. Wiki mbili zikapita. Alasiri moja nilikuwa nimelala na kichwa karibu na ukuta, nikamsikia Mama Kulwa akizungumza na mumewe kwa Kisukuma, akidhani mimi niko jikoni na upande wetu hakuna masikio mengine ya lugha hiyo. "Nimemkosea nini mama huyu? Namsalimu, ananipita. Watoto wananiuliza sahani iko wapi." Mumewe akasema labda watafute chumba kingine. "Nihame kwa kosa nisilolijua?" akasema. Katika nyumba yetu ni mimi peke yangu niliyeweza kuelewa maneno yale. Niliona kama yamesemwa kwangu.

Kesho yake alfajiri, kikaango kikiwa motoni, nilisema. Nilisema vibaya, bila mpangilio, nikaanza na vitunguu nikaishia na ndoo. Bi Mwanahawa aliendelea kugeuza vitumbua, akageuza vilivyokwisha kugeuzwa, vikaungua tundu zote saba. Kisha akatoka, akachota mchanga wa pipa, akaunusa.

"Alikuambia umepita kwenye dawa."

"Ndiyo, Bi."

"Nawe ukafurahi."

"Nilifurahi sana, Bi."

Akakaa chini, kwenye matope, na kanga yake safi. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka na analia pamoja. "Watu husema kosa si kosa, kosa kurudia kosa," alisema. "Wewe kosa lako ni marudio yenyewe." Nikamwambia nitafungasha. Akafuta uso. "Utaondoka ukishamfufua. Lini atafufuka, mimi sijui." Halafu uso ukabadilika, nikaona aliyofikiria si asmini tena. "Na mimi nimemnyima jirani salamu wiki mbili. Chukua hivyo vitumbua visivyoungua. Twende."

Mama Kulwa alikuwa mlangoni anachambua maharage. Bi Mwanahawa alimpita kwa umri miaka kumi na tano, kama si zaidi. Alisimama mbele yake, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti inayosikika mpaka barazani, "Shikamoo, Mama Kulwa."

Maharage yalimwagika. "Aa! Bi Mwanahawa, usinifanyie hivyo! Mimi nikuitikie malahaba, nitakuwa na akili?"

"Niitikie. Nimekukosea. Nilisema ni jicho lako, kumbe ni ndoo ya huyu."

Mama Kulwa alinitazama, akatazama sahani, akatazama kile kichwa kilichoinama ambacho hakikuinuka. Hakuweza kuitikia. Lakini hakutaka pia kumwacha mkubwa wake amesimama hivyo, akatafuta, akapata. "Mwangaluka, mayu," alisema. Kwetu mwangaluka ni habari za asubuhi, mayu ni mama, na anayesalimiwa huitikia kwa neno hilo hilo, hakuna wa juu wala wa chini. Bi Mwanahawa, ambaye miaka yote Usukumani hakujifunza hata kuomba maji kwa Kisukuma, akainua kichwa. "Mwangaruka," alijibu, na Mama Kulwa akaangua kicheko kwa ile r. Wakaingia ndani wawili, nikabaki nje naokota maharage.

Siku hiyo hiyo tulimng'oa mgonjwa. Mchanga wote ulichimbiwa shimo mbali na kisima, tukakwangua pipa, tukaosha mizizi kwa maji safi mara tatu, tukakata iliyooza. Bi Mwanahawa mwenyewe ndiye aliyeshika mkasi. Alikata matawi yote mpaka pakabaki shina la shubiri moja na nusu, na kila alipokata alivuta pumzi. Mama Kulwa alileta udongo wa kichuguu na samadi ya zamani kutoka zizi la kaka yake, nami nikaleta mchanga, safari hii wa mtoni, nikitembea saa mbili kwenda na kurudi, na nilipofika Bi Mwanahawa aliunusa ndipo akaupokea. Tukamfunika kwa gunia lenye matundu ili jua lisimguse. Tukasubiri. Mwezi wa tano ukaisha, hakuna kitu. Nilikuwa nakwenda kumtazama kabla ya kunawa uso. Zuhura alianza kusema, polepole, kwamba si lazima, kwamba siku hizi wapo wanaovaa maua ya plastiki, na mama yake akamwambia asirudie kulitaja hilo neno jikoni kwake.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita, asubuhi, tulimsikia Mama Kulwa akipiga kelele uani kwetu. "Bi Mwanahawa! Njoo! Mti wako una jicho!" Bi Mwanahawa alitoka na mwiko mkononi, amegeuka rangi. Jicho tena? Mama Kulwa alikuwa amepiga magoti, anaonyesha kwa ncha ya kidole. Kwenye pingili ya chini kabisa ya shina kulikuwa na kinundu cha kijani, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Kwa mkulima hilo ndilo jicho, la muhogo, la muwa, la kila kinachochipua. Tulikumbatiana wote wanne pale chini. Kisha Mama Kulwa akakumbuka, akajiziba mdomo, akaongeza kwa nguvu, "Mashallah!"

Asmini akishaamua, huenda mbio. Mwezi wa saba alikuwa na matawi sita, na katikati ya mwezi wa nane, wiki moja kabla ya harusi, akaanza kutoa vitumba. Lakini vilikuwa vichache. Kila alasiri nilichuma kumi na tano, siku nyingine ishirini, na koja moja la maana hula mia mbili. Asmini haiwekwi akiba. Ya leo kesho imeshakuwa kahawia. Bi Mwanahawa alihesabu, akahesabu tena. Mama mkwe alikuwa ameshapanda basi. Mimi, kwa ule ulimi wangu, nikasema, "Basi tumvike hiyo pamba yao." Hakuna aliyecheka. Ila Mama Kulwa aliacha kupepeta mchele.

"Ninayo," alisema. "Gunia la kaka yangu liko chumbani, linasubili mnunuzi."

"Niwape kicheko cha mpaka kaburini?" akasema Bi Mwanahawa.

Aliyeamua ni Zuhura, ambaye muda wote wa mwaka ule hakuwa ameulizwa. "Mama, atakayevaa ni mimi. Nimezaliwa Geita. Nitavaa vyote viwili."

Tukachambua mbegu kwa vidole, tukaviringa pamba vidonge vya ukubwa wa kitumba. Na hapo Bi Mwanahawa akatuonyesha ujanja ambao nadhani aliutunga papo hapo, ingawa alidai ni wa bibi yake. Kila alasiri alichukua vitumba vya siku hiyo, ambavyo vingetupwa, akavilaza katikati ya pamba ndani ya sufuria, akafunika kifuniko, akazungushia unga mbichi pembeni pasipite hewa. Kesho yake alitoa maua yaliyochoka akaweka mapya. Siku sita. Pamba ikanywa harufu yote ya siku sita.

Siku yenyewe tulipata vitumba arobaini na mbili. Nilitunga mimi: asmini moja, pamba tatu. Magharibi vikafunguka juu ya Zuhura, na weupe wa ua na weupe wa pamba ukawa mmoja. Mama mkwe aliingia chumbani na wenzake watatu, wamejipamba wamependeza, akamzunguka mwali, akashika koja kwa vidole viwili. Nilimwona akigundua. Alitazama kidonge, akakiinua puani, akakaa nacho hapo muda mrefu. Vigelegele vilikoma. "Hii pamba," akasema, "inanukia?"

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama kando ya dirisha, na Mama Kulwa ubavuni pake. "Ya huku inanukia," alisema.

Yule mama aliomba vidonge viwili avitie kwenye kibweta chake cha Tanga. Mwisho wa mwaka niliondoka, maana asmini ilikuwa imeshafufuka, na niliondoka na kipandikizi kwenye kitambaa chenye maji. Bi Mwanahawa amelala sasa makaburini Geita, alikotaka yeye mwenyewe. Mama Kulwa alihamia Sengerema uzeeni. Yote haya nilimweleza Hawa pale uani, mpaka ile habari ya vitunguu, ambayo hata mama yake nilikuwa sijamwambia. Zuhura alinipiga bega.

Hawa aliugeuza mfuko wa pamba mapajani. "Kwa hiyo si mila ya Pangani?"

"Si ya Pangani."

"Ni kwa sababu maua hayakutosha."

"Hayakutosha, kwa kosa langu."

Akatazama asmini yangu, ambayo imepanda mpaka juu ya bati na siku hizo ilikuwa nyeupe tupu, kisha sinia lililofurika. Vilikuwepo vitumba vya makoja manne bila hata uzi wa pamba, na hilo aliliona. Nikamwambia ni harusi yake, achague mwenyewe, nikampa sindano. Akachukua kitumba kimoja akakichomeka. Halafu akatia mkono kwenye mfuko, akaanza kuhesabu taratibu, kwa sauti, nisije nikamkosesha: "Moja. Mbili. Tatu."